Vyumba Viwili Vitupu

Barabara ya 43,
Chicago.
9 Aprili 1962

Kaka Clement mpendwa,

Pokea salamu zetu, zikiwa bado za moto kama mkate wa mahindi wa Mama. Natumai zitakukuta mzima, na kwamba ule mguu ulioteguka mazoezini sasa unakanyaga vizuri. Sisi hatujambo. Mama anakohoa asubuhi lakini hataki kusikia habari za daktari. Anasema daktari atamkataza kupanda ngazi, na sisi tunaishi ghorofa ya tatu, kwa hiyo atalala wapi? Baba anauliza kama huko Ujerumani jeshi linakupa chakula cha mtu au cha kopo. Mimi naendelea na shule. Mwalimu bado huniandika kuwa sipo, kwa sababu akiita jina langu hasikii ninavyoitika.

Umeuliza kama ni kweli Dada Tubbs wa kanisani alipiga kelele katikati ya onyesho la Shangazi Hessie, kama Mama alivyokuandikia. Nitakujibu, Kaka, lakini niruhusu nianze mbali, maana habari hii ukiishika mkiani itakuponyoka.

Onyesho lile la kwanza unalikumbuka kuliko mimi. Mimi niliachwa kwa jirani, wewe ulivalishwa tai ya Baba. Umenisimulia mara nyingi jinsi Shangazi alivyopiga piano peke yake pale katikati ya muziki, okestra nzima ikimsikiliza, na alipomaliza kipande hicho, muziki ukiwa bado haujaisha, watu wa kanisa letu wakamshangilia kwa makofi na vigelegele kama walivyozoea, na wenyeji wa ukumbi wakageuza shingo kuwatazama. Kesho yake gazeti likaandika kwamba baadhi ya wasikilizaji walidhani wako kilabuni. Tangu siku hiyo hakuna okestra iliyomwita tena. Mchana alipanga barua za watu posta, jioni akaandika muziki kwenye meza ya jikoni, miaka yote hiyo, na wewe ukasema Shangazi ni mkaidi kuliko nyumbu wa Babu kule Mississippi.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asichague moja, jazi au muziki wa okestra, apate kupumzika. Aliniambia kwamba mchungaji wa zamani, aliposikia kuwa yeye, mpiga kinanda wa kanisa, hupiga piano kwenye vilabu siku za Jumamosi, alimwagiza mkono wa kushoto, ule wa mdundo wa jazi, auache nyumbani. Profesa wake wa chuo naye akamwambia aache wa kulia, ule wa madoido ya kanisani. “Sasa, Ardelia,” akasema, “nikiwatii wote wawili, nitapiga piano kwa pua?”

Basi mwezi wa Januari akaja Bwana Aldrich, kiongozi mpya wa okestra ya ukumbi wa Wexler Hall. Ni kijana, ana miwani minene, na ni mtu mwema. Nataka ulijue hilo kabla hujamkasirikia. Aliusoma muziki mpya wa Shangazi wa piano na okestra, akasema utapigwa Ijumaa na Jumamosi, kisha Jumapili utarekodiwa kwa ajili ya redio. Shangazi akanichagua mimi nikae nyuma ya bega lake, nimfunulie kurasa za nota anapopiga. Unajua kazi hiyo inavyonifaa. Mfunua kurasa akifanya kazi yake sawasawa, hakuna anayejua kama yupo.

Shida ilianza kwenye mazoezi, tulipofika sehemu ya pili, ile ya polepole. Karatasi ya nota, kama unavyojua, hugawanywa kwa mistari kuwa vyumba vidogo vidogo, na kila chumba kina nota zake. Piano inapanda pale, inauliza kitu, sauti inabaki juu kama mtu aliyeinua nyusi. Baada ya hapo vinafuata vyumba viwili vitupu. Okestra yote haina kitu, na piano haina kitu. Juu yavyo Shangazi ameandika neno moja: Jibuni.

Wapigaji wakaanza kupekua karatasi zao, kila mmoja akidhani amekosa ukurasa. Mpiga fidla mmoja akauliza kwa sauti kama hapa ndipo mama huyu mtunzi alipokwenda kuchukua kahawa. Wenzake wakacheka. Shangazi akamjibu bila kugeuka kwamba kahawa alishakunywa, na nafasi ile ameiacha ili vijana kama yeye wajifunze kufunga mdomo. Wakacheka zaidi, hata yule wa fidla.

Lakini Bwana Aldrich hakucheka. Aliinama karibu na piano, akauliza kwa upole nani anayetakiwa kujibu. Shangazi akasema ni watu. Watu gani? Watu waliokaa mbele yao, akasema, wale walionunua tiketi. Huko anakotoka mtu akisema neno zito mbele ya watu haachwi peke yake nalo. Bwana Aldrich akavua miwani, akaifuta. Alisema watu wa Wexler Hall hawatajibu, watadhani yeye amesahau kupunga mkono, na ukimya ule utaua kila kitu kinachofuata. Mwishowe wakapatana hivi: Ijumaa itapigwa kama ilivyoandikwa. Watu wakinyamaza, vyumba viwili vitakatwa Jumamosi, na kwenye redio havitasikika kabisa.

Tukiwa kwenye treni kurudi nyumbani Shangazi alizifunga karatasi zake za nota kwa uzi. Kisha akaniambia kwamba vikikatwa, hataandika tena. Atapanga barua mpaka astaafu, na piano atampa mtoto yeyote atakayeweza kuishusha ngazi. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja kituo cha kushukia.

Sasa sikia lililonikosesha usingizi. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, akina mama walikuwa wanakata pai ya viazi vitamu, na Dada Tubbs akatangaza kwamba safari hii hakuna wa kumwaibisha Hessie. “Mimi hata nikikalia pini,” akasema, “hamtasikia hata ‘ai’!” Mwingine akamwambia, “Wewe? Wewe huongea hata ukiwa usingizini!” Wakacheka sana, lakini wakaapa wote kwa pamoja kufunga midomo mpaka taa ziwashwe. Unaona, Kaka? Watu pekee mjini wanaojua kujibu waliapa kunyamaza, na waliapa kwa mapenzi.

Nilimkimbilia Shangazi nikamwomba awaambie. Alikataa katakata. Jibu la kuagizwa, alisema, si jibu, ni kazi ya mshahara. Akanikataza na mimi nisimwambie mtu, na mimi nikatii.

Ijumaa ilifika. Kanisa letu lilijaza safu za juu, kofia za kila rangi, kama bustani. Chini kabisa kwenye karatasi ya ratiba wenye ukumbi walikuwa wamechapisha ombi kwamba watu wasipige makofi mpaka mwisho. Sehemu ya kwanza ilipita vizuri, na Shangazi alipomaliza kupiga peke yake, mikono yote miwili ikikimbizana kama watoto, juu kule hapakutoka hata pumzi. Nilisikia tu vipepeo vya karatasi vya kujipepea, vile vyenye tangazo la kampuni ya mazishi, vikipunga haraka haraka.

Tukafika sehemu ya pili. Piano ikapanda, ikauliza, ikanyamaza. Bwana Aldrich akashusha mikono. Chumba cha kwanza kikapita, kimya. Hata vipepeo vilisimama. Nilitazama mikono ya Shangazi mapajani, Kaka, nikaona imekunjwa, kama ya mtu aliyekaribia kituo cha kushukia.

Kisha sauti ikasema, “Enhe!”

Na kutoka juu kabisa, kama tarumbeta, Dada Tubbs akapokea: “Enhe! Sema, Hessie! Sema, mwanangu!” Safu zote za juu zikaanguka kama mvua, “Sema!” na “Ndiyo, Bwana!” na makofi. Halafu mzee mmoja mweupe wa safu za chini akasema “Enhe” yake, ndogo, ya kujaribu. Shangazi akapandisha mikono akaingia, okestra ikamfuata, na yule wa fidla alikuwa anapiga huku meno yote yako nje. Hakuna kilichokatwa, si Jumamosi wala kwenye redio.

Dada Tubbs sasa anajisifu kila Jumapili kwamba yeye ndiye aliyeuokoa muziki wa Hessie. Nimemwachia. Kelele yake ndiyo iliyowafungua wengine, kwa hiyo hadanganyi sana. Lakini wewe ndugu yangu sitakuficha. Ile “Enhe” ya kwanza haikutoka juu. Ilitoka nyuma ya bega la Shangazi, kwenye kiti cha mfunua kurasa, kwa mtu pekee ukumbini ambaye kazi yake ni kutoonekana. Ilikuwa yangu. Sikuipanga. Aliniuliza, nikamjibu.

Nyuma ya jukwaa nilisubiri anikemee au anikumbatie. Alivua viatu, akavuta kiti, akanitazama, akasema, “Ulichelewa, Ardelia. Chumba kizima.” Kisha akaniambia nije jikoni kwake Jumatatu na penseli, kwa sababu mtu anayesikia mahali pa kujibu anaweza kufundishwa kuuliza.

Nimekwenda Jumatatu zote tangu hapo. Nimemwambia Baba kwamba chuo cha uchapaji anachotaka niende kitanisubiri sana. Amenuna, lakini nilimwambia kwa sauti, mara moja tu, na akasikia. Nakuomba ukimwandikia uniunge mkono. Na hata usiponiunga, nitaendelea.

Mama anasema uvae soksi mbili. Baba anakusalimu huku amenuna. Shangazi anauliza kama kambini kuna piano, na kama ipo, nani anaiharibu. Mungu akulinde, akurudishe ngazi hizi zote tatu ukiwa na miguu yote miwili.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Ardelia Gaddis