Kuku wa Mama Wekesa

Ijumaa usiku

Eti mimi ni mtu mkubwa Kilimani.

Mama ndiye aliyetangaza hivyo kanisani. Ukweli ni kwamba chuo kilinipeleka ofisi moja ya mtaa huo kwa attachment, yaani mafunzo ya kazini, nijifunze biashara, na nilichojifunza zaidi ni chai. Lakini jirani yetu hapa Waithaka, Mama Wekesa, alisikia akaniletea CV ya mwanawe. Nilimpa bosi ili tu nisiulizwe tena.

Leo, siku yangu ya mwisho, bosi ameniita. Nikadhani ni ile kazi aliyokuwa akinidokezea. Nikanyoosha blauzi.

"Huyu kijana wako ni mzuri sana," akasema. "Anaanza Jumatatu. Mwachie meza yako ikiwa safi."

Nimeipanguza.

Jioni Mama Wekesa amekuja na mwanawe na kuku wa shukrani, akampika mwenyewe. Firigisi, ambayo kwetu haijawahi kupita sahani ya baba, imewekwa kwenye yangu. Aliyeiweka ni baba.

"Kula, meneja."

Nikala. Wekesa akauliza Jumatatu tutaondoka pamoja saa ngapi.

Namshukuru Mungu nilikuwa bado natafuna.