Mjukuu Aliyebana Midomo

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na majirani bado wanakuvumilia. Huku hatujambo, ukiacha mgongo wangu, ambao naona umenizidi umri. Ningepiga simu, lakini kwenye simu hujawahi kuniacha nimalize sentensi, na habari hii ina mkia mrefu.

Ni habari ya mjukuu wetu, Kibonge. Kama ujuavyo, tangu mama yake apate kazi mji mwingine, mtoto hushinda nami kwenye chumba cha kushonea, chini ya meza ya kukatia, akipanga vigurudumu vya uzi. Alipotimiza miaka miwili nilimpeleka kliniki. Nesi akamtaka apande ngazi, akapanda. Apige mpira teke, akaupiga ukamgonga nesi mwenyewe. Aonyeshe pua, akaonyesha yake, yangu, na ya mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni. Kisha nesi akauliza kama anaunganisha maneno mawili. Dada, hata moja hana. Akitaka kitu anabana midomo, anasema "mmh," anaelekeza kidevu.

Nikachanganyikiwa kabisa. Masikio hayana kasoro: ukifungua biskuti chumba cha pili, huyo hapo. Mke wangu akasema ni ukimya wa ukoo wetu. Nikamkumbusha kuwa wewe pia ni wa ukoo huo, akaghairi. Muuza vitambaa akasema mtoto ni mvivu tu, kama babu yake. Mama yake akawa analia kwenye simu, akaniuliza mimi ninayeshinda naye nimeona nini. Nikamwambia sijaona kitu, na kweli sikuwa nimeona. Akaomba likizo, aje Jumamosi hii amchukue, ampeleke kwa daktari wa masikio mjini kwake, wabaki hukohuko.

Basi wiki chache nyuma alikuja mwalimu mmoja kupimwa gauni. Nilikuwa nimepiga magoti nabana pindo, pini mdomoni. Unanijua, huwa nazishika kwa midomo ili mikono ibaki huru. Mwalimu akamuuliza Kibonge anaitwa nani. Mtoto akabana midomo, "mmh," akaelekeza kidevu kwenye mkasi. Mwalimu akanigeukia mimi, akauliza gauni litakuwa tayari lini. Nami nikasema "mmh," nikaelekeza kidevu kwenye kalenda. Yule mama alicheka mpaka pini za pindo zikamchoma.

"Fundi," akasema, "mbona huyu anaongea vizuri tu? Anaongea kama wewe."

Nilitema pini zote nikamfungua mtoto mdomo, nikidhani naye ana pini. Hamna kitu. Alikuwa amebana hewa. Kumbe kutwa nzima alikuwa akinitazama, akaamini watu wazima ndivyo wanavyoongea.

Tangu siku hiyo pini nazichomeka kwenye kimto kidogo nilichojifunga mkononi, na mdomo haupumziki. Hii kola, hili pindo, hiki kifungo kimepotea, nani kakiona. Wateja wananitazama kwa huruma. Jana nikiwa katikati ya maelezo ya mfuko wa suruali, Kibonge alitoka chini ya meza, akaniwekea kiganja mdomoni, akasema, "Babu, nyamaza."

Maneno mawili, dada, tena yameunganishwa sawasawa. Nilicheka, kisha nikajikuta nalia, na mpaka sasa sijui nililia nini.

Sasa nikuambie kilichonikalisha kuandika. Mama yake sijamwambia, si habari ya pini, si ya maneno. Akijua, ataona chumba changu si mahali pa kulelea mtoto. Nisipomwambia, atamaliza likizo yake akimtafutia dawa mtoto asiyeumwa. Nilianza barua hii nikitaka wewe shangazi yake ukanisemee kwake. Nimefika hapa nimeona haya. Nitampigia mwenyewe jioni hii, aamue yeye. Akikuuliza kama nafaa kulea, sema kweli, ila anza na mazuri, hata kama ni machache.

Akimchukua, sijui nitaongea na nani. Kunyamaza kwenyewe nimeshasahau.

Msalimie shemeji, na goti lako lipe pole zangu. Kibonge anavuta karatasi, nadhani anakusalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi