Uyoga wa Ijumaa

Bologna, Jumanne mchana, Septemba 1994

Dada Irmina mpendwa,

Nakusalimu sana wewe na watoto, na mama mkwe wako pia. Natumaini miguu yake imepungua kuvimba na kikohozi cha Zosia kimekwisha. Ukiniuliza habari zangu, mimi ni mzima, hata kichwa hakiniumi, na uzima huu ndio unaonitia hofu kuliko kitu chochote, kama utakavyoona huko mbele. Kornel naye hajambo. Mumeo Ludwik yuko hai mchana huu ninapoandika. Najua jicho lako lilikuwa linatafuta hilo kwanza.

Barua hii nampa dereva wa basi la mahujaji wa kwetu. Linatoka Roma na litapita hapa jioni. Kesho usiku litakuwa limefika nyumbani, na keshokutwa asubuhi linageuza na kundi jingine. Kiti cha nyuma ya dereva kimewekwa kwa ajili yako. Nakuomba uisome barua yote, hata ukitamani kuitupa jikoni ikaungua katikati.

Kornel ameniambia mlivyoongea jana kwenye simu ya padri, asubuhi na tena jioni. Kasema ulipoambiwa Ludwik kaugua kwa nyama uliyotufungia kwenye chupa, ulizitoa chupa zote zilizobaki, ukazipasua moja moja nyuma ya banda la kuku, huku ukilia kwamba umemuua mumeo kwa mikono yako. Kasema mama mkwe alikuwa amesimama palepale na hakukunyamazisha. Tangu nisikie hivyo sijalala, dada. Ngoja nikueleze safari yetu tangu mwanzo, maana nikirukia mwisho hutanielewa.

Unakumbuka tulivyoondoka, wanaume watatu wenye vitambi, na mabegi ya mgongoni ya watoto wa Kornel. Ulicheka mpaka ukashika mlango. Ujana wetu wote pasipoti zilikaa kwenye kabati la polisi, na Ludwik alikuwa akisema sasa mpaka umefunguliwa, tutembee kabla magoti hayajatukataa. Basi tukatembea. Usiku tulilala kwenye treni ili tusilipie kitanda. Chai tulichemsha kwa ule waya wa umeme wa kuchovya kikombeni, tukiuchomeka kwenye vyoo vya stesheni, mmoja akilinda mlango. Soksi zilikauka zikining'inia nyuma ya begi. Kwenye hosteli ya Praha vijana walituachia vitanda vya chini bila kuombwa. Ludwik akasema hiyo heshima imemuuma kuliko kutukanwa.

Mimi ndiye niliyekuwa kichekesho cha safari. Mimi ni mtu wa kiwanda cha mbao, miji hainijui. Praha niliwapandisha treni ya kwenda upande mwingine, tukajikuta kwenye gereji ya treni, fundi akituuliza tumetumwa na nani. Tangu hapo Kornel hakuniacha. "Mpeni Witek ramani ya kwenda chooni," alikuwa akisema, "hiyo labda ataimudu." Na Ludwik anadakia, "Hata hiyo muikunje vizuri, asije akatuletea maji kiatuni." Nilicheka nao. Lakini usinione nacheka, dada, wewe unanijua tangu mdogo. Iliniingia.

Ijumaa, siku yetu ya kutokula nyama, tukawa Vienna. Kwenye mabegi hakuna kitu ila chupa zako za nyama na kipande cha mkate. Samaki wa Vienna hatukuthubutu hata kumuangalia bei. Kornel akasema tufungue nyama tu, Mungu haangalii Ijumaa mpaka ng'ambo ya mpaka. Ludwik akakataa katakata. Akasema, "Mungu labda haangalii. Irmina anaangalia." Tulicheka pale barabarani mpaka mama mmoja mwenye mbwa akavuka kwenda upande wa pili.

Hapo ndipo mimi nikasema, kwani kuna haja gani ya kukaa na njaa, na tramu inapanda mpaka msituni? Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili tatu zilizotangulia. Tukapanda tramu hadi mwisho wa reli, tukaingia chini ya miti. Dada, mle ndani nikawa mtu tena. Sikuhitaji ramani. Nilinusa tu. Kornel alikuwa akibeba mfuko na kulalamika, Ludwik ananifuata nyuma kama mwanafunzi, anasema, "Kelele, Kornel! Profesa yuko kazini." Nilipata ule uyoga wa njano, mwingi. Na chini ya mialoni nikapata ule wa kofia za kijani, ule ambao mama alikuwa akiukaanga kwa siagi juu ya bamba la jiko na kuunyunyizia chumvi, tukigombania.

Tukarudi kupika hosteli. Jikoni palinukia mpaka vijana wakaja mlangoni. Binti mmoja wa Kidenmark, aliyekuwa akituita babu zake, akanyoosha sahani. Ludwik alitaka kumgawia, unamjua alivyo. Mimi nikasema hapana, hautoshi. Ludwik akaniona bahili, akamuomba msamaha yule binti kwa Kipolandi, akimuonyesha tumbo lake mwenyewe. Kornel hakula, alisema uyoga unamchoma kifua, akanywa chai na mkate. Ludwik alikula mpaka akafuta kikaango kwa ganda la mkate.

Usiku tukapanda treni ya Venisi. Kornel akalala kinywa wazi. Saa sita ilipopita Ludwik akanigusa goti, "Jumamosi imeingia, bwana shemeji!" Akafungua chupa yako moja, akala kwa kijiko, anasifu vitunguu saumu ulivyoweka. Kabla hakujapambazuka akaanza kutapika.

Sitakueleza yote. Alitapika, akaharisha, tukamshika huku na huku chooni treni ikiyumba. Kornel akaokota ile chupa iliyobaki robo, akainusa, akasema, "Imeoza hii! Irmina hakuichemsha vizuri." Akaitupa dirishani. Venisi hatukuiona. Tulikaa kwenye ngazi za stesheni mchana kutwa, Ludwik kaegemea begi, uso wa rangi ya majivu, na maji yanametameta mbele yetu. Duka la dawa walimpa vidonge vya mkaa. Nikasema twende hospitali, Kornel akauliza tutalipa na nini. Ludwik naye akasema aachwe, ni tumbo tu, na mke wake asiambiwe asije akajisikia vibaya.

Jumapili akaamka mzuri. Alikunywa chai, akala biskuti, akatania. Akaenda misa kwa miguu yake na kuimba kwa Kipolandi katikati ya Waitaliano. Kornel alifurahi mpaka akamnunulia aiskrimu. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni. Maana nilikuwa nawakumbuka akina Ludomir wa ng'ambo ya kiwanda, na wewe unawakumbuka. Unajua walivyougua, wakaamka, wakakama ng'ombe wao, majirani wakashukuru Mungu. Na unajua wiki ile iliishia makaburini. Siku nzima nilikuwa nachungulia macho ya Ludwik kila jua lilipompiga usoni. Akaniuliza, "Vipi Witek, nina mende usoni?"

Jioni ile tukapanda treni kwenda kusini, safari iendelee. Jana alfajiri, tukiwa kwenye chumba cha kungojea hapa Bologna, akafungua macho na weupe wake ulikuwa wa manjano. Akaanza kuniita jina la marehemu kaka yake.

Hospitali hapa wametupokea bila kuuliza pesa kwanza. Kuna sista wa kwetu, Sista Benigna, ndiye anayetutafsiria. Daktari aliuliza mgonjwa alikula nini. Kornel akajibu haraka, nyama ya chupa, ya kienyeji, mkewe ndiye aliifunga. Daktari akaniangalia mimi. Na mimi, dada, nikatikisa kichwa kukubali.

Sasa nimefika. Mkono hautaki kwenda.

Chupa zako zilikuwa salama. Nina hakika, kwa sababu kwenye treni ile nilikula na Ludwik chupa moja, kijiko chake na kijiko changu, Kornel akiwa amelala. Sikuumwa hata kidogo. Ludwik alisema nina tumbo la mbwa, nami nikaliacha lisemwe.

Ni ule uyoga. Baba alitufundisha sote, wewe na mimi, kwamba wa kijani haukatwi kwa kisu. Unauchimbua na vidole mpaka chini, uone mguu unavyomalizikia, maana ule mbaya mguu wake umekaa kwenye mfuko ndani ya udongo. Ukikata juu, mfuko unabaki ardhini na wewe unabeba kifo kisafi. Mimi siku ile nilikata kofia tu. Nilikata kwa madaha, kisu kinaenda chap chap, kwa sababu Ludwik alikuwa akinitazama na kuniita profesa, na profesa hachimbi udongo kwa kucha kama mtoto.

Kwenye sinki la hosteli, wakati naosha, nikakuta kwenye kofia moja kumebaki kijingozi cheupe, chembamba kama karatasi iliyolowa. Ule mzuri hauna ngozi hiyo. Nilikitoa kwa kidole gumba nikakiacha kiende na maji. Ludwik alikuwa amesimama begani kwangu. Akaniuliza, "Miguu uliiona?" Nikamjibu, "Yote. Unanifundisha mimi?" Kama ningesema sina hakika, tungetupa kikaango chote na kucheka, na Kornel angepata la kusimulia mpaka Krismasi. Hicho ndicho nilichokiogopa. Nilimnyima yule binti kwa sababu sikuwa na hakika. Kwenye sahani yangu niliweka wa njano peke yake. Wa kijani nikamsogezea mumeo, nikamwambia, "Kula, wewe ndiye unayefunga."

Sikutaka afe, nakuapia. Nilijiambia baba asingekosea, na mimi ni mtoto wa baba. Lakini alipoanza kutapika nilijua. Nilijua kwenye treni, nilijua Venisi, na Jumapili anakula aiskrimu nilijua kuliko siku zote, maana uyoga huo uliwapa akina Ludomir nao siku ya nafuu kabla ya kuwaua. Kila saa iliyopita ilizidi kuwa ngumu, kwa sababu kusema sasa ilikuwa ni kueleza pia kwa nini sikusema saa iliyopita.

Jana jioni Kornel aliporudi kutoka kwenye simu, akanisimulia ulivyokuwa ukipasua chupa, ndipo nilipomfuata Sista Benigna mpaka kwenye kikanisa cha hospitali nikamwambia. Hakunikemea. Alinishika mkono wa koti akanikimbiza kwa daktari, sista mzee yule, na viatu vyake vikipiga sakafu. Daktari aliniuliza aliula lini. Nilipotaja Ijumaa alifumba macho kidogo. Akasema dawa waliyokuwa wakimpa haikuwa yenyewe, wamebadilisha usiku uleule, lakini ini limeharibika sana. Anasema njia iliyobaki huenda ni kumpasua na kumwekea ini la mtu aliyefariki, likipatikana. Wamekwisha anza kulitafuta. Na wanamtaka mkewe awe hapa, kwa sababu Ludwik mwenyewe kwa sasa akili inakuja na kwenda, na jambo kama hilo hawataki kulisikia kutoka kwa marafiki.

Leo asubuhi akili ilimrudia. Niliingia nikapiga magoti kando ya kitanda nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Irmina anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Basi unafanya nini hapa?" Akageuza uso ukutani akamwita Kornel.  Kornel alipotoka kaninyang'anya begi la Ludwik nililokuwa nimelibeba.

Sikutaka ulisikie hili kwa simu, umesimama kwa padri na watu wanakusubiri umalize. Msomee mama mkwe barua hii, au mpe aisome mwenyewe, ili ajue mkono wako haukufanya kosa. Ukitaka, isome mbele ya kijiji kizima.

Chukua pasipoti yako na cheti cha ndoa. Watoto wabaki kwa bibi yao. Vaa koti, basi lile lina baridi usiku likipita milimani. Kornel atakupokea, mimi sitasogea stesheni usije ukaniona kwanza. Nitakuwa kwenye benchi la ukumbini, ghorofa ya pili, kwa sababu wameniruhusu hapo tu. Ukinipita bila kunisalimu nitakuwa nimekuelewa. Lakini nakusihi kitu kimoja, dada. Usikae nyumbani hata siku moja kwa hasira juu yangu. Ludwik hana hiyo siku. Nichukie ukiwa njiani. Nichukie kuanzia hatua ya kwanza ya basi mpaka ya mwisho, lakini panda.

Nisalimie watoto, Zosia kwa namna ya pekee. Msalimie mama mkwe kwa heshima, na padri, na wote watakaoulizia. Mungu akufikishe salama na akukutanishe na mumeo akiwa anakutambua.

Ni mimi mdogo wako, niliyemlisha mumeo,

Witold