Kesi ya Kitanda cha Same

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii, lakini ndivyo nilivyozoea kuanza na sitaacha leo.

Ni mimi Elieza, mwanao wa reli. Naandika mchana hapa kwenye nyumba zetu za wafanyakazi wa reli, landhi ya Same, mguu wa kushoto juu ya kigoda. Taruma la kulazia reli liliuangukia, nyapara akaniambia nikae nyumbani mpaka uvimbe upungue. Usihofu. Mkweo Namkunda anaukanda kwa maji ya chumvi, mimi namfokea, kisha naomba radhi. Unanijua.

Nina habari mbili. Ya kwanza, Mungu ametupa mtoto wa kike, na jina tumempa lako. Ya pili ndiyo iliyonishikisha kalamu: ile kesi yako umeshinda.

Unakumbuka nilivyokuleta kutoka Suji, Baba alipofariki na magoti yako yakakataa mlima? Nilisema mama yangu hatalala kwenye kitanda cha kamba kama sisi vibarua. Nikachonga nguzo nne zenye panda, nikazichimbia sakafuni kama vitanda vya kwetu milimani, nikachimba mpaka sululu ikagonga mwamba. Namkunda akauliza, mbona chini hivyo? Nikajigamba kwamba kitanda hiki hakitatikisika mpaka Yesu arudi.

Asubuhi ya kwanza ukaniambia hukupata hata lepe la usingizi. "Ardhi ya hapa inatembea, mwanangu. Inaanzia kwenye meno." Nikacheka. Tuta la reli liko pale nyuma ya jiko, nikakuambia ni kelele za treni tu, utazoea. Ukasema si kelele, masikio umeziba kwa pamba na bado inakufikia, tena kabla treni haijasikika. Sasa mimi nilikuwa chumba cha pili, kwenye kamba zangu, nalala fofofo. Ningekuamini vipi?

Ukaanza kusinzia mbele ya chungu cha makande, mwiko mkononi. Jirani akanong'ona kwamba ni mizimu. Mzee wa kanisa akaja kukuombea. Na mimi, hapa ndipo panaponiuma, Mama, nilidhani humtaki Namkunda na unatafuta kisingizio cha kurudi Suji. Nilikuambia hivyo mbele yake, tena kwa sauti. Mungu wangu! Ukawa unakunja pindo la kanga yako, unakunja, unakunjua.

Kisha ukasema utanishtaki kwa wazee wa Suji kwa kosa la kumnyima mama usingizi. Sisi Wapare na kesi, nani atatuweza! "Na adhabu yake ni moja," ukasema. "Alale humo yeye, usiku mmoja tu." Tukacheka wote watatu, hata Namkunda aliyekuwa analia. Nami nikaufanya utani, nikaenda zangu kazini. Usiku mmoja tu, Mama, na sikuutoa. Homa ilipokuja ilikukuta umechoka mno, hukuwa na nguvu ya kupigana nayo. Tukakupandisha Suji, tukakulaza karibu na Baba.

Kitanda chako nikawapa Namkunda na mtoto. Huyu mtoto mikononi analala vizuri, ukimweka pale anashtuka na kulia. Sisi tukasema ni tumbo. Wiki iliyopita, siku ya pili ya huu mguu, nikajinyoosha kando yake mchana. Kimya kabisa. Mara meno yangu yakaanza kugongana. Hakuna mlio, hakuna honi. Mtoto akafumbua macho. Kitu kikapanda kwenye nguzo kutoka chini, kwenye ule mwamba niliojisifia, kikaniingia mbavuni. Muda ukapita ndipo nikaisikia treni ya mkonge inashuka kwenda Tanga.

Mwamba ule ndio uliobeba tuta. Na mimi ni mtu wa reli, Mama! Kila siku tukiwa kazini tunagusa chuma kwa kiganja ili tujue treni inakuja hata kabla ya kuisikia. Hilo nalijua tangu siku ya kwanza ya kibarua. Nikaja nyumbani nikamlaza mama yangu juu ya reli, nikamwambia atazoea.

Nililia. Mtoto naye akalia, mpaka Namkunda akaja mbio akidhani mguu umevunjika.

Usiku ule niliwatoa wao, nikalala humo peke yangu kama ulivyohukumu. Treni zilipita tatu. Asubuhi Namkunda akaniuliza nimelalaje, nikachukua sululu nikazing'oa zile nguzo huku nachechemea. Sasa mtoto analala kwenye kamba. Treni ikipita, yeye anakoroma kama wewe ulivyokuwa ukikoroma Suji.

Nisamehe, Mama. Nakuahidi, mtu yeyote wa nyumba hii, awe mkwe, mgeni, au huyu mdogo asiyejua kusema, akilalamika kwamba halali, sitafungua mdomo kabla sijalala pale anapolala yeye. Mguu ukipona nitapanda Suji nikakuombe radhi kaburini.

Nitavua viatu nikikaribia, nikanyage polepole. Lala, Mama. Lala sana.

Mwanao,
Elieza