Macho ya Wapagazi wa Bati

Baba,

Assalaam aleikum, wewe na jirani zako wa huko mlikotangulia. Barua zako za melini zilianza zote kwa maneno yale yale: wewe u mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yetu sisi tulio mbali na upeo wa macho yako. Leo nimejaribu kuyaandika nikashindwa. Wewe tumeshakukabidhi kwa Mola wako, na hofu yangu juu yako nimeiacha kwenye dua. Iliyobaki ni ya kwangu mwenyewe. Naogopa, baba. Naogopa mpaka chakula hakipiti, na mtu pekee ambaye angenielewa bila ya kuniuliza maswali ni wewe.

Mkono umeanza. Wa kulia, huu wa brashi.

Niliuona siku tuliyokuzika. Nilichota mchanga kuutia kaburini, ukanimwagikia kwenye kanzu kabla sijaufikisha. Nikajiambia ni kilio, maana mtoto gani asiyetetemeka akimfukia babake. Nikasubiri kilio kipungue. Kimepungua, alhamdulillahi, siku hizi naweza kupita mbele ya kiti chako bila ya kugeuza uso. Mkono ndio haukupungua. Nadhani Yule Bwana kabisha hodi kwangu.

Jina hilo ulimpa wewe. Daktari alipoutaja ugonjwa wako kwa jina lake la kizungu ulijaribu kulitamka, ukalivunjavunja, mwisho ukasema tumwite Yule Bwana, kwa sababu kaja bila ya kualikwa na haelekei kuondoka. Tulicheka njia nzima kutoka hospitali ya Chake. Sasa naona wewe ulicheka ili mimi nicheke.

Nikupe habari za nyumbani. Meza yako bado iko ukumbini, na vita viko pale pale ulipoviacha, askari wako wa bati wamejipanga nyuma ya mto uliouchora kwa rangi ya buluu. Mwalimu Hamad, mshindani wako mchezoni, kakataa visiguswe. Kila Ijumaa baada ya sala anakuja, anakaa upande wake wa Wajerumani, anakunywa kahawa na kuangalia. Zamu ilikuwa yako. Kile kifuko cha komwe kipo, zile ulizozitia nukta moja mpaka sita baada ya marehemu mama kukataza dadu zisiingie nyumbani mwake. Mwalimu anakisogeza kidogo upande wangu. Nami najifanya nina kazi ya kufanya uani. Kuchomoa komwe naweza. Kumsogeza askari mmoja katikati ya wenzake bila ya kuwaangusha, tena mbele ya macho ya Mwalimu, hilo ndilo ninalolikimbia.

Kazi ya kuwapaka rangi askari wa watu wa ng'ambo inakuja kama kawaida. Yule rafiki yako fundi wa injini, aliyekufundisha kupaka rangi askari wa bati mlipokuwa melini na anayetuletea kazi mpaka leo, alilia kwenye simu nilipompa habari yako. Kisha akaniuliza kwa aibu kama nitaendelea. Nikamwambia nitaendelea. Ningemwambia nini? Kazi hii ndiyo niijuayo, na ndiyo iliyokuwa ikitukalisha meza moja mimi na wewe kila asubuhi.

Wewe Yule Bwana alikuvua kazi kidogo kidogo, kuanzia usoni kwenda miguuni. Kwanza alichukua macho. Ulinisogezea askari wa kofia ya khaki aliyegandishwa juu ya kizibo cha chupa ya dawa, ukasema, "Haya macho chukua weye, Faki, mie yanchosha." Nikadhani umeyachoka kweli. Nikafurahi, baba, maana macho ndiyo kazi ya bwana mkubwa. Ulinifundisha kubana viwiko mbavuni, kugandisha viganja viwili pamoja, kutoa pumzi yote kabla ya kugusa. Nikiharakisha unaniambia, "Usimfanyie pupa, vita vyake vishakwisha, hana pa kwenda." Baada ya miezi ikawa vifungo na vyeo vya begani, navyo vilikuchosha. Halafu mikanda ya risasi. Halafu bunduki. Halafu hata kulijaza shati la khaki rangi moja, kazi ya mwanafunzi wa siku ya kwanza, ukasema inakuchosha.

Ukabaki na udongo. Ulikuwa ukiuchekecha kwa chujio la chai la mama, ule mwekundu wa chini ya mikarafuu yetu, ukapaka gundi chini ya miguu ya askari, ukaunyunyiza. Kwa hiyo kila aliyetoka nyumba hii, awe wa Mwingereza awe wa Mjerumani, kaondoka kasimama juu ya shamba letu. Rafiki yako aliuliza udongo mzuri vile unauzwa duka gani, ukamjibu hauuzwi. Siku ile uliringa mpaka usiku.

Baada ya udongo yakaja mambo yasiyokuwa na askari ndani yake. Kijiko. Vifungo vya shati lako mwenyewe. Maji ya udhu. Nilikuvisha, nikakulisha, nikakutawadhisha, na Mwenyezi Mungu shahidi sikuchoka hata siku moja. Lakini ndiyo maana leo naogopa hivi. Mtu mwingine akianza kutetemeka haijui njia. Mimi naijua kituo kwa kituo.

Sasa sikiliza kilichonipata. Unakumbuka ulivyomsumbua rafiki yako miaka yote, kwamba vita vile vya bara vya Mjerumani na Mwingereza vilipiganwa na wapagazi zaidi kuliko askari, basi mbona hatuletei wapagazi? Kawaleta. Mzigo mzima, kwa heshima yako. Wazuri, baba, ungewapenda. Wako pekupeku, shuka kiunoni, sanduku kichwani, shingo imekaza. Nilipowapaka rangi ya kwanza ndipo nilipoelewa nimeingia mtegoni. Mpagazi hana kifungo, hana mkanda, hana cheo. Ukishamtia rangi ya mwili na shuka, kilichobaki ni uso, na uso ni macho.

Nikambana wa kwanza, nikatoa pumzi, nikashusha brashi. Ilipokaribia uso ikaanza kucheza. Ncha ikapita shavuni ikaacha mstari mweupe mpaka sikioni. Nikafuta. Nikarudia, ikapita puani. Nikafuta tena, nikamjaribu mwenzake, na mwenzake, mpaka nyuso zote zimechafuka rangi. Nikawatia ndani ya bati la biskuti, nikafunika. Nilikaa pale nimeshika mfuniko kwa mikono miwili, utadhani wataniita.

Tangu siku ile naishi kwa kuficha. Mke wangu Zuwena nimemwambia bati lile lina rangi mbichi asilifungue. Barazani naukalia mkono. Chai naiomba nusu kikombe, nasema sukari inanidhuru. Msikitini ndiko kubaya zaidi. Nikifika kwenye tahiyatu, nikinyanyua kidole cha shahada, namaliza sala nzima nakikodolea macho, sijui nimesoma nini. Nakumbuka chako kilivyokuwa kikicheza, na watoto wa safu ya nyuma wakicheka. Niliwakaripia wale watoto. Sasa nawasikia nyuma yangu hata wasipokuwepo.

Hata hapa ninapoandika nakagua herufi. Zako zilikuwa zikipungua, unakumbuka? Ulikuwa ukiandika vitu vya sokoni, mstari unaanza na herufi za kawaida, ukifika mwisho ni za sisimizi, Zuwena anarudi na vitunguu pale ulipoandika viazi. Nimeshapanda juu ya ukurasa huu mara kadhaa kulinganisha. Naona ziko sawa. Kisha naona haziko sawa.

Zuwena kajua. Naona alijua zamani, alikuwa akinisubiri niseme mwenyewe. Jana alasiri alitoka kumpaka piko biharusi mtaa wa pili, vidole vyake bado vyeusi, akanikuta mezani na mpagazi mmoja nimemrudisha juu ya kizibo. Nilikuwa sijamgusa. Nilikuwa namtazama tu, na machozi yananitoka. Hakuniuliza nina nini. Alivuta kigoda akakaa, akauchukua mkono wangu akauweka juu ya goti lake, akautazama kwa muda mrefu namna anavyotazama mikono ya maharusi kabla ya kuanza.

Nikamwambia, "Ni ule wa baba."

Akasema, "Nkono wa baba ukilala ndo ukicheza, ukishika kitu hutulia. Huu wako umelala, hebu utazame. Hauchezi. Wacheza ukishika brashi."

Baba, mimi nilikuwa na wewe mwanzo mpaka mwisho, lakini mwanzo wenyewe sikuuona, maana ulinificha. Aliyeuona ni yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa akikuletea chai. Anasema miaka ile ya awali ulikuwa ukikishika kikombe kikatulia tuli, ukikiweka chini na mkono ukaupumzisha gotini, kidole gumba kinaanza kuzunguka kama mtu anayehesabu tasbihi. Ukimwona anatazama, unashika kitu chochote kilicho karibu. Alidhani ni tabia yako ya kibaharia, huwezi kukaa bure.

Nilikaa mbele ya mkono wangu mpaka adhana ya magharibi. Umelala gotini, haufanyi kitu. Nikichukua brashi unaanza. Zuwena anasema labda ni woga wenyewe, kwamba nimekuuguza muda mrefu hata mwili umejifunza. Labda ni usingizi, maana silali. Nataka kumwamini mpaka naumwa. Lakini Zuwena ananipenda, na anayekupenda hukutafutia neno la kukupoza. Na labda ni ugonjwa mwingine kabisa, usio wako wala wa woga, ambao sijui hata kituo chake cha kwanza. Nilidhani nikijua si Yule Bwana nitapumua. Sijapumua bado.

Leo asubuhi kafanya jambo. Kalifungua bati la biskuti bila ya kuniomba, kamchukua mpagazi mmoja, kamsafisha uso kwa pamba. Kisha kachukua njiti yake ya piko, kaitia ncha kwenye rangi yetu nyeusi. Nilitaka kumzuia. Nikakumbuka ulivyonisogezea kizibo ukasema yanakuchosha, na jinsi nilivyofurahi bila ya kujua nafurahia nini. Nikamwachia. Mkono wake haukutingishika hata kidogo. Lakini kazoea mabiharusi, baba. Kamtia macho makubwa ya wanja, yamevutwa mpaka pembeni, na nyusi kazipinda. Mzee wa watu kabeba sanduku la risasi kichwani, kakwenda pekupeku bara nzima, na macho kama anangoja kufunuliwa shela. Tulicheka mpaka jirani kachungulia dirishani. Kisha mimi nikawa siwezi kuacha, na kicheko kikageuka, Zuwena akanishika kichwa akanikalisha chini.

Nilipotulia nilichukua chujio la mama. Nikachekecha udongo, nikampaka gundi yule mpagazi chini ya nyayo, nikanyunyiza. Mkono ulicheza kidogo. Udongo haujali, unaanguka panapostahiki. Sikulijua hilo mpaka leo. Nilikuwa nikikuonea huruma kwamba umebakiwa na kazi ya mwisho, kumbe ulikuwa umepata pa kupumzika.

Jumatatu tunakwenda Chake, hospitali, mimi na Zuwena. Siku ile daktari alikuuliza kwa nini umechelewa hivi, ukajibu ulidhani ni uzee. Njiani, hata nikicheka, nilikulaumu moyoni. Leo sikulaumu. Neno likiwa halijatamkwa mtu bado ana pembe ya kujificha, na mimi pembe yangu naijua ilivyo tamu. Lakini ulikaa humo peke yako, baba, na sisi tulikuwa chumba cha pili tukikungoja.

Basi nakuahidi hili. Sitaukalia mkono tena barazani. Ijumaa nitakaa mezani kwa Mwalimu Hamad, nitachomoa komwe, nitawasogeza askari wako, na wakianguka wataanguka mbele yake. Na daktari akilitaja jina lile lile, nitarudi nyumbani nimkabidhi Zuwena macho kwa maneno ya kweli, sitasema yananichosha. Vifungo vikifika zamu yake, vifungo. Nitashuka kama ulivyoshuka, nitafika kwenye udongo, ila nitashuka nikiwa nimeshikwa. Woga hauniachi, hilo siwezi kukuahidi.

Lala salama, baba yangu. Mola akuangazie ulipo na akupumzishe viungo vyako vyote, mkono ule kuliko vyote. Yule mpagazi wa wanja sitampeleka ng'ambo. Nimemsimamisha mezani upande wako wa mto.

Barua hii nimempa Zuwena aisome yote, ndiye mtu wa kwanza kuisoma. Nilimuuliza jambo moja tu, kama herufi zangu za hapa chini zinalingana na zile za juu. Katazama, kasema zinalingana.

Nimemwomba atazame tena.

Mwanao,
Faki