Kamati Ilipokaribishwa Chai Kiuu

Jumatatu, 17 Novemba 2025

Kosa la wengi pale kiwandani ni kudhani kwamba mfuko wa dharura ni mkopo. Wanaogopa kukatwa mshahara, basi wananyamaza mpaka mambo yameharibika kabisa. Leo Wakonyo naye. Miaka yote hiyo kwenye mashine ya kubandika lebo — na hajui!

Alikuja saa ya chai, kofia ya wavu bado kichwani. Mume wake, Kinyanjui, alianguka kutoka jukwaa la mjengo huko Ruiru mwezi wa nane. Mguu. Hajafanya kazi tangu hapo, na mwenye mjengo hashiki simu. Kodi ya nyumba imelala. Mwenye ploti wanakopanga amewapa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, kisha mlango utiwe kufuli.

Nilimweleza polepole. Kampuni inaweka sehemu, wafanyakazi wanaweka kidogo kila mwezi, kwa hiyo hakuna anayeomba hisani. Mtu akifikwa na janga, mfuko humlipa mwenye nyumba au hospitali moja kwa moja. Pesa hizo hazirudishwi.

"Hazirudishwi, Guka?"

Hazirudishwi. Aliuliza tena mlangoni.

Guka, yaani babu, ndilo jina langu siku hizi. Nilistaafu ofisi ya wafanyakazi hapo hapo, kisha wakaniita nikae kwenye kamati kama mtu asiye na upande. Tuko watatu: mimi, kijana Eddie wa HR, na Muigai, mwakilishi wa wafanyakazi. Lazima wote tukubaliane.

Barua ya daktari anayo. Notisi anayo. Limebaki la kumtembelea nyumbani, mtaa wa Kiuu. Sharti hilo liliingia baada ya mtu wa stoo kumzika shangazi yule yule mara mbili. Nilipomwambia tutafika Alhamisi, uso wake ulibadilika.

"Mtakuja wangapi?"

Nilidhani anauliza tu.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua hapa mtaani kwangu, Landless. Goti linauma. Eddie amesema tutaenda na gari lenye jina la kampuni. Nikamwuliza kama hakuna lingine. Hakuna.

Alhamisi, 20 Novemba

Tumeenda. Sijui nianzie wapi.

Gari liliingia Kiuu, watoto wakikimbia nyuma, jina la kampuni ubavuni. Mtaa mzima ukajua. Ni chumba kimoja. Wakonyo alikuwa mlangoni na leso mpya, anacheka. "Karibuni! Msivue viatu!" Ndani kuna makochi yenye vitambaa vyeupe. Zulia. TV kubwa. Kinyanjui ameketi, mguu wenye plasta juu ya stuli, ameshika rimoti kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe amshike.

Tukaletewa chai ya maziwa na chapati. Kisha kuku. Kuku! Eddie alipiga picha za faili. Muigai alikula vizuri. Nami nilikula.

Garini Muigai ndiye aliyeanza. "Mzee wangu, uliona hiyo TV? Mimi mwakilishi mzima naangalia habari kwa simu!" Eddie akacheka, kisha akasema kwamba kweli, picha hizi hazimsaidii mama. Muigai hakucheka. "Na Dismas wa boila, naye ameomba, analala sebuleni kwa binamu yake. Mfuko wenyewe ni huu mdogo. Tumpe nani?"

Nikapapasa kichwa — kofia nimeisahau. Nikawaambia wanishushe, watangulie.

Nilipofika uani, kochi lilikuwa linatoka mlangoni kwa ubavu. Wanawake wawili wamelishika, Wakonyo anasukuma kutoka ndani. "Pindua miguu! Miguu, Amida!" Huyo Amida ni jirani, na kochi ni lake. Yeye ndiye aliyeniona kwanza.

"Haiya! Kamati imerudi."

Wakaliweka chini. Lakini Amida ni mtu wa mzaha hata siku mbaya. "Basi keti, Mzee. Hata huku nje kochi ni kochi."

Nikaketi kweli, uani. Nikaelezwa. TV ni ya nyumba ya kona. Zulia la mama wa kibanda cha mboga. Kuku alichangiwa na ploti nzima. Vyao wenyewe waliviuza tangu Septemba, kimoja baada ya kingine. Mlango ulikuwa wazi, nikaona kilichobaki: jiko, ndoo, godoro sakafuni. Kinyanjui alikuwa ameshalazwa hapo, amegeukia ukuta.

Nikamwuliza Wakonyo kwa upole, kwa nini?

"Guka, ni wageni wa kampuni. Ningewakalisha kwa ndoo?"

Nikasema nitaieleza kamati. Akanishika mkono. "Usiniseme. Muigai akijua, kesho laini nzima ya mashine inajua nimeazima mpaka kiti. Mimi nitavumilia. Lakini Kinyanjui akisikia anachekwa — huyo hatainuka tena."

Nikaahidi. Akanipa kofia yangu. Alikuwa ameipangusa matope.

Ijumaa, 21 Novemba

Nilijaribu bila kusema. Nikawaambia kina Eddie: tuamue kwa notisi na barua ya daktari, tuache ya nyumbani. Muigai akanitazama. "Mzee, uliporudi kuchukua kofia uliona nini sisi hatukuona?"

Nikapanga upya karatasi za faili. Aliona ninakwepa.

Uamuzi umesukumwa hadi Jumanne. Muigai si mtu mbaya. Alihukumu kwa alichoonyeshwa, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, 23 Novemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa najieleza mwenyewe jambo hili, kama kawaida yangu.

Tunamtaka mtu aonyeshe shida yake, kisha tunampigia hodi kama wageni. Mgeni hupewa kiti. Hupewa kitu cha kutafuna. Hata hapa kwangu ni hivyo. Marehemu mke wangu angetuma mtu kuazima vikombe hata kama paa linavuja juu ya meza. Wakonyo hakutudanganya. Alitupokea. Sisi ndio tuliokwenda kutazama umaskini, tukaagiza siku na saa, na bado tukashangaa kuukuta umefagiliwa.

Jioni Amida amenipigia. Hakuwa na mzaha. Mwangalizi wa ploti amepita leo na kufuli mpya, akaijaribu kwenye komeo la Wakonyo, ikaingia. Akaenda nayo. "Kinyanjui alikuwa ndani, Mzee. Alisikia ikilia."

Jumatatu, 24 Novemba

Nimemwona Wakonyo kwa mbali, kwenye laini. Alinisalimia kwa kichwa. Hakuuliza. Mashine haisubiri.

Jumanne, 25 Novemba

Kikao ni saa nane mchana. Nimeamka mapema.

Nikisema nilichoona, Muigai atakubali, ninamjua. Wakonyo atabaki na nyumba, lakini nitakuwa nimemvua nguo mbele ya wenzake wa kazi, na mbele ya mume aliyegeukia ukuta. Nikinyamaza, ahadi yangu itakuwa salama — nao watakuwa nje. Ahadi safi kama ile kofia.

Nimekuwa nikijiuliza mimi nifanye nini, kana kwamba heshima hii ni yangu. Ni yake. Na niliahidi haraka mno, uani pale, wakati wala yeye wala mimi hatujaisikia ile kufuli.

Huenda akakataa. Ana haki ya kukataa. Lakini hajaulizwa tena.

Zamu yake inaanza saa moja, na simu wanaziacha getini.

Leo, kabla hajafika getini: mpigie Wakonyo, umwombe ruhusa ya kusema.