Maua ya Japani na Salamu kwa Bibi Magdalena

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Singida mjini. Dawati la Jinsia na Watoto.
Tarehe 06/08/2025, saa 3:20 asubuhi.

Jina: Theresia Philipo Ntandu. Umri: miaka 46. Kabila: Mnyaturu. Dini: Mkristo. Elimu: darasa la nne. Kazi: mkulima. Makazi: Sepuka, Wilaya ya Ikungi.

Mimi Theresia, kwanza nawasalimu wote hapa kituoni, maana nimeingia kwa haraka nikasahau hata salamu. Afande Koplo Rebeka ananiandikia kwa sababu mkono wangu ni mzito. Nyumbani nimemwacha mume wangu Clement, mgongo unamsumbua lakini anatembea. Nimemwacha kijana wangu Enock, yuko na mbuzi. Nimemwacha mdogo wake Edward, kaenda shule na kikohozi chake. Wote wanawasalimu, ingawa hawajui kama niko hapa. Clement nimemuaga kwamba naenda kupima presha. Mama mkwe wangu, Bibi Magdalena, hayupo tena, alifariki tarehe 19/10/2024. Naomba hilo la bibi liandikwe vizuri, mbele huko lina kazi.

Nimekuja kwa ajili ya binti yangu wa kwanza, Luciana Clement, miaka 23, aliyesomea utalii. Na nimekuja kwa ajili ya mabinti wawili wa kijiji cha Iguguno wanaosafirishwa keshokutwa, Ijumaa, saa 12 asubuhi.

Mnamo tarehe 14/12/2024, saa 4 asubuhi, mimi na Luciana tulikwenda Utemini, hapa mjini, kwenye ukumbi wa kukodi, tukakuta mtu anaitwa Gervas anafanya semina. Alisema kuna kampuni inatafuta wasichana waliosoma utalii, wakawatembeze wageni huko Japani. Aliweka picha ukutani, kubwa kama shuka. Mlima mweupe kichwani, umekaa peke yake. Mageti mekundu yamepangwa kupanda kilima, hata kuhesabu huwezi. Nyani wanaoga maji ya moto, theluji imewakaa kichwani. Swala wanaoinamia watu ili wapewe biskuti. Na miti imejaa maua ya rangi ya waridi, hakuna jani hata moja. Luciana alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Hayo yote alikuwa anayajua kwa majina tangu chuoni.

Gervas alitugawia kalenda yenye picha hizo, nikaitundika sebuleni. Luciana alikuwa ananifundisha akinyoosha kijiti kama mwalimu. Alinionyesha mwezi wa nne akasema, "Mama, maua haya yanakaa wiki moja tu, halafu yanapukutika. Watu wanatoka dunia nzima kuyawahi. Ukichelewa umekula hasara ya mwaka." Mimi nikamwambia, basi ni kama alizeti, ukichelewa kuivuna ndege wanakushukuru. Tukacheka. Alikuwa anafanya mazoezi ya kuinama uani kama Wajapani wanavyosalimiana, Enock akamuuliza, "Dada, umepoteza sindano?" Clement naye akasema, "Mwache, anajifunza heshima aliyokataa kujifunza hapa."

Mnamo tarehe 09/02/2025, saa 12 asubuhi, nilimsindikiza stendi ya mabasi hapa mjini. Walikuwa wasichana watano, Luciana akiwemo, na Gervas. Pasi zao za kusafiria alizishika yeye, alisema zisipotee. Mimi nilimpa Luciana simu kubwa kama yangu, kwamba nitapokea sauti na picha kwa wasapu kwa kuwa kusoma kunanichosha. Tangu siku hiyo sijamwona mwanangu kwa macho.

Sauti zilikuja. Ya kwanza tarehe 20/02/2025, akasema ameuona ule mlima, na picha ikaja. Mwezi wa nne ikaja picha ya maua. Kila picha ilikuwa nzuri, lakini Luciana mwenyewe hayumo. Nilipouliza, Gervas akasema, "Mama Luciana, yeye ndiye mpiga picha. Umeshaona mpiga picha akajipiga?" Nilipotaka kuongea na Luciana moja kwa moja, Gervas alisema kule wanalala sisi tukiamka.

Sasa nieleze kosa langu, maana limenikaa hapa kifuani. Mnamo tarehe 28/06/2025, Jumamosi, saa 8 mchana, Gervas alinichukua kwa gari mpaka Iguguno. Wazazi walikuwa wamekusanywa kwenye uwanja wa shule. Alinisimamisha mbele akasema, "Huyu ni mama wa kwetu, mkulima kama ninyi, mtoto wake yuko Japani." Mimi nikaonyesha zile picha kwenye simu, nikawaambia mwanangu ni mzima, anawatembeza wageni penye mageti mekundu. Mzee mmoja, Melkiori, alikuwa anasita. Aliniuliza, "Mama, wewe ungekuwa mimi, ungemtoa binti?" Nikamjibu, "Mimi nimeshamtoa." Siku hiyo hiyo akamwandikisha binti yake, Janeth. Mwenzake akamwandikisha wake. Walisaini kwa mdomo wangu.

Mnamo tarehe 12/07/2025, saa 1 jioni, iliingia sauti ya Luciana. Kwetu mtoto akiwa mbali, akituma neno, anaanza kusalimu mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Bibi Magdalena ndiye alitufundisha hivyo, ukiruka jina alikuwa ananuna siku mbili. Na alitufundisha pia kwamba marehemu hatumiwi salamu, ni kama kumwita mlangoni. Sasa Luciana alianza hivi: "Namsalimu Bibi Magdalena, namsalimu baba, nakusalimu mama, namsalimu Enock, namsalimu Edward." Moyo ulinipasuka. Huyu mtoto ndiye aliyemuuguza bibi. Ndiye aliyempeleka Moshi mwaka 2022 kutolewa mtoto wa jicho, wakakaa huko wiki mbili. Bandeji ilipofunguliwa, bibi alimtazama akasema, "Kumbe umezeeka hivi!" Luciana alikuwa na miaka ishirini. Tumecheka hilo neno mpaka msibani. Na siku ya kumzika, Luciana ndiye aliyeshika msalaba.

Mimi badala ya kufikiri nikakasirika. Nikamtumia sauti nikamwambia, "Luciana, nchi za watu zimekulewesha? Bibi yako tumemzika, unamsalimu wa nini?" Mwanangu alikuwa ananiita, mimi nikamgombeza. Wiki tatu hakutuma kitu.

Mnamo tarehe 02/08/2025, Jumamosi, saa 2 usiku, ikaingia nyingine. Akaanza tena, "Namsalimu Bibi Magdalena," kwa nguvu, halafu akatulia kidogo, halafu baba, halafu mimi, halafu wadogo zake. Kisha akasema, "Mama, leo nimewapeleka wageni kwenye yale maua ya kalenda, yamechanua jana, ni mengi sana." Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanaume, kwa Kiswahili kama hiki chetu, ikisema, "Fupisha." Ikakatika.

Nilikwenda sebuleni na tochi nikaitazama kalenda. Maua yako mwezi wa nne. Sisi tuko mwezi wa nane. Mimi sikusoma, lakini kulima najua, mti hauchanui mara mbili kwa kuombwa. Na Luciana alinifundisha mwenyewe, wiki moja tu. Hawezi kulisahau hilo, kama ambavyo hawezi kusahau kaburi la bibi yake. Basi nikajua mwanangu anasema uongo makusudi, ili mama yake ausikie. Nilikaa chini sakafuni. Nilitaka kulia nikaogopa kumwamsha Edward.

Asubuhi nilimweleza Clement. Akasema, "Ukisema, watamfanya nini?" Nikamwambia, na nisiposema, watawafanya nini wale wa Iguguno? Akasema, "Wale wana mama zao." Si mtu mbaya, Afande, usimwandike vibaya. Ni hofu.

Mnamo tarehe 04/08/2025, saa 5 asubuhi, Gervas alikuja nyumbani. Alisema Alhamisi jioni atanifuata nikawaage wale mabinti, wazazi wanataka kunisikia tena. Nikamwambia nataka kwanza nimwone Luciana kwenye simu, uso wake. Alicheka, akanywa uji wangu, akasema, "Mama Luciana, wewe ni mtu mzima. Ukivuruga huku, mkataba wake kule unavunjika. Sijui atarudije." Kisha akaishusha kalenda yangu, akaifunua, akaitundika tena, akasema ni nzuri. Mimi nimesimama na kata ya uji mkononi. Nikienda Iguguno nawapeleka watoto wa watu. Nisipokwenda anajua. Nikinyamaza Luciana yuko ndani, nikisema Luciana yuko ndani. Siku mbili nimezunguka uani kwangu kama kuku aliyefungwa mguu.

Leo nimetoka saa 11 alfajiri. Nimekuja na kalenda, nimeifunga ndani ya khanga, na simu yenye sauti zote. Nimevikabidhi.

Saa 5:15 asubuhi, mbele ya Afande, nimemtumia Luciana sauti. Afande aliniambia niongee kama siku zote, nisilie. Nilisema hivi: "Luciana mwanangu, baba anakusalimu. Enock anakusalimu, mbuzi mweusi kazaa. Edward anakusalimu, anakohoa kidogo. Mimi mama nakusalimu. Na Bibi Magdalena anakusalimu sana. Salamu zako zote mbili kazipata, alichelewa kusikia, anaomba umsamehe. Anauliza hayo maua yako upande gani, na yeye ayaone. Mjibu bibi haraka."

Saa 6:02 mchana alama mbili zilikuwa za bluu. Nikakaa. Afande akanipa chai, sikuiweza.

Saa 6:50 sauti imeingia. Ni fupi. Luciana amesema, "Namsalimu bibi. Mwambieni maua yako palepale aliponiambia nimezeeka. Tumebaki wanne."

Hapo ni Moshi, Afande. Si Japani. Hajawahi kuvuka maji mwanangu, yuko Moshi.

Nimesema yote niliyoyaona na kuyasikia, na lile la Iguguno nimelisema pia, lisifutwe. Naomba Mzee Melkiori aambiwe leo, na aambiwe kwamba ni mimi niliyekosea. Na mtakaokwenda Moshi, mkimpata au msipompata, nitumieni neno haraka. Simu mnayo ninyi, basi pigeni ya jirani, Bonaventura mwenye mashine ya kusaga, namba nimeacha. Hata usiku.

Sahihi ya shahidi: Theresia P. Ntandu

Maelezo ya mwandishi: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti, amekubali kuwa ni sahihi, amesaini mbele yangu saa 7:25 mchana. Vielelezo: kalenda moja, simu moja. Taarifa imepelekwa Moshi na Iguguno kwa simu saa 7:05. Shahidi ameambiwa anaweza kwenda. Amesema atakaa kidogo. Hadi naandika hapa, saa 10 jioni, yupo kwenye benchi.

Koplo Rebeka